Nichape, Usiniandike

Nimwandike au nisimwandike? Kwa siku tatu swali hilo lilinikalia kifuani. Nililala nalo ubavu wa kulia, nikageuka nalo wa kushoto, kukapambazuka sijapata jibu. Nikisema nimwandike, naona kosa. Nikisema nisimwandike, naona kosa jingine, labda kubwa zaidi, labda dogo, sikujua, na kutojua huko ndiko kulikonimaliza. Lilikuwa jina la mtoto mmoja tu, msichana wa darasa la pili. Daftari lilikuwa mezani, jalada jekundu, kalamu juu yake. Mtu mwingine angeandika akalala. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha ualimu mwaka uleule, na tangu utoto nilikuwa mtu wa kuwaza jambo mpaka linaota mizizi.

Daftari hilo nilikabidhiwa na Mwalimu Mkuu wiki yangu ya kwanza. Shule yetu ilikuwa nje ya mji wa Mpanda, unaipita Kawajense na kuendelea kwa miguu mpaka nyumba zinaisha na mashamba yanaanza. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mzima mwenye baiskeli nyeusi na kofia ya pama ambayo aliivua kwa mambo mawili tu: sala na mshangao.

"Huko chuoni mlisoma habari za watoto wenye matatizo, sivyo?" aliniuliza.

"Wiki mbili tu, Mwalimu Mkuu."

"Wiki mbili! Sisi wengine hatukusoma hata saa mbili. Basi bingwa ni wewe, binti yangu."

Ubingwa wenyewe ulikuwa hivi. Nilikuwa na darasa langu la pili, watoto zaidi ya sabini, wengine wakubwa kwa sababu walichelewa kuandikishwa. Juu ya hilo, kila Jumatatu nilizunguka kwa walimu wenzangu nikiuliza nani hashiki masomo na kwa nini. Kushoto mwa ukurasa niliandika jina. Kulia niliandika tatizo: hasikii, mguu mbovu, anaanguka kifafa, mzito wa kusoma. Nakala nilimpa Mwalimu Mkuu. Halafu siku mbili kwa wiki, baada ya masomo, watoto hao walitakiwa waje darasani kwangu niwafundishe pole pole.

Walikuwa kumi na wanne, wote wa madarasa mengine. Kwangu sikuwa nimeandika mtu. Nilijiambia kwamba wa kwangu nitawasaidia mwenyewe, na ndani ya moyo, nikisema kweli, nilijivunia kwamba darasa langu halikuwa na hata jina moja.

Masomo yale ya mchana yalinivunja moyo. Walikuja wanne, siku nyingine watatu. Waliweka vichwa juu ya madawati wakasinzia, miguu yao imekauka matope mpaka magotini. Mbele ya majina ya wasiokuja niliandika "mtoro". Mbele ya waliosinzia niliandika "hana bidii". Kisha nilirudi chumbani kwangu nikajilaumu kwa sauti yangu, kwa picha zangu za kuchora, hata kwa rangi ya chaki. Matope yale sikuyauliza. Nilidhani ni matope tu.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto dhaifu akae mbele, karibu na mwalimu, na hodari akae nyuma, maana hodari atajisukuma mwenyewe. Nilifuata neno kwa neno. Benchi la mbele niliwaweka wale niliokuwa na mashaka nao. Miongoni mwao alikuwa msichana wa Kisukuma, wazazi wake wamehamia na ng'ombe miezi michache nyuma. Tangu aje hakuwa ametamka neno darasani. Nikimwuliza, anatazama vidole vyake. Nilikuwa nimeshaamua Jumatatu inayofuata aingie kwenye daftari, awe wa kwanza wa darasa langu. Hata neno nilikuwa nimelichagua: hasemi.

Na benchi la nyuma kabisa, pembeni mwa dirisha, nilimweka msomaji wangu.

Wenzake walimwita redio. Nikionyesha sentensi ubaoni kwa fimbo, darasa likaitikia, sauti yake ilitangulia na kupita zote, safi, haikosei herufi. Kitabu cha kusoma alikimaliza kabla sijakifikisha katikati. Hesabu za kichwa alijibu kabla sijamaliza swali. Madaftari yalikuwa machache, watoto wawili waliandikia moja, na la kwake na jirani yake wa benchi lilikuwa na vyema vingi kuliko yote. Alikuwa na adabu pia. Akizungumza nami hakunikodolea macho, alitazama pembeni ya bega langu, nami nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Jumanne akaja mkaguzi.

Alikuwa mtu mwembamba mwenye suruali ya kaki na sauti ya chini. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akafungua faili. Nikafanya ambacho mwalimu yeyote angefanya. Nikamwita msomaji wangu aje mbele.

Alikuja akipitisha kiganja ukutani, kama alivyozoea. Jirani yake alimfungulia kitabu, akakiweka mikononi mwake. Akasoma: "Mama anatwanga mpunga. Kuku wanakula chenga. Dada anapepeta." Ukurasa mzima bila kukwama. Nilihisi jasho linarudi lilikotoka.

"Vizuri sana," mkaguzi akasema. Akainuka, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi za kawaida: Ng'ombe wetu amezaa jana. "Sasa tusomee hii, binti."

Msichana akaugeukia ubao. Uso wake ulikuwa umetulia, hata alitabasamu kidogo. Hakusema kitu.

Ninachokikumbuka mpaka leo ni ukimya. Watoto sabini ambao sikuwahi kuwanyamazisha hata kwa fimbo, wote walinyamaza mara moja, pumzi zimezuiwa, kama watu wanaomtazama mtu akivuka gogo juu ya mto. Wakati ule sikuelewa. Nilidhani wanamwogopa mkaguzi.

"Mama anatwanga," akaanza. Akaacha.

Ndipo ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilitoka benchi la mbele, ya kunong'ona, yenye lafudhi nzito ya Kisukuma: "Ng'ombe wetu amezaa jana."

Na redio ikapokea, kwa sauti kubwa na nzuri: "Ng'ombe wetu amezaa jana!"

Mkaguzi alimtazama aliyenong'ona. Akamtazama aliyesoma. Kisha akanitazama mimi, na nilitamani sakafu ile ya udongo inimeze. Akasimama penye ubao, hatua tatu kutoka kwa mtoto, akainua mkono.

"Vidole vingapi, mama?"

"Viwili," mtoto akasema.

Mkaguzi alikuwa ameshateremsha mkono. Hakuwa ameinua kidole chochote sasa.

"Na sasa?"

"Vitatu."

Mlangoni, akiwa anaondoka, aliniuliza kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko ukali. "Ndugu mwalimu, kwa nini mtoto huyu anakaa nyuma?"

"Kwa sababu ni hodari," nilisema. Nilisikia neno lenyewe likitoka kinywani mwangu.

"Yumo kwenye orodha yako ya wenye matatizo?"

"Hayumo, Ndugu Mkaguzi."

"Mwingize. Kuna daktari wa macho atapita hospitali ya wilaya, na kuna shule ya watoto wasioona vizuri, mbali kidogo, lakini ipo. Bila jina kwenye orodha siwezi kuomba nafasi. Ijumaa saa nne dereva wangu atapita kuichukua."

Wakati wa mapumziko nilimwita yule msichana. Sikujua nianzie wapi. Nilimwambia kwamba sikukasirika, kwamba ni mimi niliyekosa, na kwamba nitaliandika jina lake kwenye daftari ili apate msaada.

Alipiga magoti. Si yale magoti ya salamu. Alianguka kama mtu aliyekatwa.

"Mwalimu, nichape," alisema. "Nichape hata kumi. Nichape, lakini usiniandike."

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia, pole pole zaidi: daftari ni la msaada. Akazidi kulia. Jirani yake wa benchi, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mlango, akatokeza mbio.

"Mwalimu, kosa langu. Mimi ndiye ninayemnong'oneza ubao. Mimi ndiye ninayeandika kwenye daftari letu. Niandike mimi."

"Kwani kwenye daftari kuna nini?" niliuliza.

Watoto walikuwa wameshajaa mlangoni, kumi, ishirini. Mmoja akacheka kicheko cha woga. "Mwalimu naye anatutania."

"Sitanii. Kuna nini?"

"Si ndio wanaopelekwa majaruba," akasema mwingine. "Ukiandikwa, unaenda kuamia ndege, kuwafukuza kwenye mpunga wa shule. Kaka yangu wa la tano umemwandika. Anaenda kila siku."

"Si wewe unayewapeleka, mwalimu?" akauliza yule jirani. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kuwa na hakika.

Hapo ndipo nilipopata maana ya ule ukimya. Darasa zima lilijua. Watoto sabini, pamoja na yule wa Kisukuma ambaye hakuwa amefungua kinywa kwa miezi, walikuwa wamekula njama kimya kimya, kutwa, tangu nilipofika, kumlinda mwenzao. Walimlinda dhidi yangu.

Jumatano, katikati ya asubuhi, niliwaachia watoto hesabu za kunakili, nikamkabidhi kiranja fimbo, nikatoka. Nilipita nyuma ya vyoo na shamba la mihogo, nikateremka mbugani kwenye majaruba ya shule. Nilikuwa nimewahi kuyaona kwa mbali tu. Mpunga ulikuwa umepevuka, umeinamisha vichwa. Kabla sijaona mtu nilisikia madebe.

Walikuwepo wote. Kumi na wanne wangu. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini.

Mtoto wa darasa la nne niliyemwandika "hasikii" alikuwa juu ya dungu la miti, anapiga debe bila kukoma, uso umetulia. "Huyu ndiye kiongozi," mmoja wao akanieleza kwa heshima. "Kelele hazimsumbui." Yule wa mguu mbovu alikuwa amesimama kwenye matope, ameshika kamba iliyofungiwa makopo, kwa sababu kwenye tuta hakuweza kupanda. Na yule msichana wa darasa la sita, ambaye kwa mkono wangu niliandika "anaanguka kifafa", alikuwa amekaa peke yake mwisho wa jaruba la mbali, ukingoni mwa mfereji uliojaa maji, na kombeo mapajani.

Ndege walipita juu, wingu zima la kwelea, likapinda pamoja.

"Shikamoo, mwalimu," wakasema. "Umekuja kutusaidia? Leo wengi kweli."

Nikauliza wanakaa huko mpaka saa ngapi.

"Mpaka ndege wakale kwa jirani," akasema wa mguu mbovu, na wenzake wakacheka. Kisha akawa na aibu. "Mwalimu, yale masomo yako ya mchana, utusamehe. Tunayapenda. Ila tukikaa tu, usingizi."

Waliniomba radhi. Wao, mimi.

"Nani aliwaleta huku?"

Walitazamana kana kwamba swali halina akili. "Daftari," akajibu wa mguu mbovu.

Nilirudi darasani nikiwa na matope kwenye viatu. Nilikaa kwenye kiti changu, nikafungua daftari jekundu, nikasoma neno "mtoro" kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni, mara tano kwenye ukurasa mmoja.

Mchana nikaenda nyumbani kwa msomaji wangu. Mama yake alikuwa mtu wa Mpimbwe, amehamia karibu na barabara, na alikuwa uani anapepeta. Aliponiona hakuweka ungo chini.

"Karibu, mwalimu. Nilijua utakuja. Sikujua tu kwa lipi."

Nikamweleza. Nilizunguka sana, nikarudi nyuma, nikaeleza vitu visivyo na haja, kama ninavyofanya nikiogopa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Macho yake nimeyajua tangu ananyonya," akasema. "Ukimwonyesha ziwa halioni, mpaka anuse. Dada yake alikuwa hivyo hivyo. Huyo nilimpeleka shule mwenyewe, kule tulikotoka, nikamwambia mwalimu waziwazi, mwanangu haoni vizuri. Mwalimu akashukuru, akamwandika. Unajua walimpa kazi gani?"

Nilijua. Nilitamani nisiisikie.

"Kuamia ndege! Asiyeona, anaamia ndege! Walikuwa wanakula mbele ya pua yake, na jioni anachapwa kwa mpunga ulioliwa." Akacheka, kicheko kikavu, akatupa chenga kwa kuku. "Basi huyu mdogo nikamwambia, mama, wewe sikiliza tu. Usimwambie mtu. Na wenzake nikawapikia wali siku ya kwanza, nikawaomba."

"Mkaguzi anasema kuna daktari. Na kuna shule."

"Huyo daktari atamwona mtoto, au ataona daftari?"

Akanitazama, akanihurumia, akaweka ungo chini.

"Wewe mwenyewe bado mtoto, mwanangu. Mimi siwezi kukuambia andika wala usiandike, kalamu iko kwako. Lakini ukimwandika, usimwandike halafu ukamwacha huko kwenye karatasi. Nenda naye."

Alinifungia mchele kwenye kitambaa. Nilikataa mara mbili, kama inavyopasa, mara ya tatu nikapokea.

Njia nzima nilipima. Nisipomwandika, atabaki na masikio yake mpaka siku atakapowekewa karatasi ya mtihani mbele na hakuna wa kumnong'oneza, hapo kila kitu kitaisha. Nikimwandika, orodha itapita mezani kwa Mwalimu Mkuu, na Jumatatu atakuwa mbugani, na nafasi ya shule ile huenda isipatikane kabisa. Na hata nikinyamaza juu yake, wale kumi na wanne je? Na nikisema juu ya wale, mimi ni nani? Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Neno moja la Mwalimu Mkuu lingetosha kunirudisha kwa mama yangu na sanduku langu.

Alhamisi nilimfuata ofisini. Alikuwa anatengeneza mnyororo wa baiskeli.

"Nimesikia umetembelea shamba," akasema bila kuinua kichwa. "Umeona mpunga ulivyokubali?"

"Nimeona watoto wangu, Mwalimu Mkuu."

"Aa, hao." Akafuta mikono. "Sikiliza, binti yangu. Mpunga ule nani anakula? Si hao hao wanafunzi? Wakubwa wakija hapa wanauliza, shule imevuna magunia mangapi. Sijawahi kuulizwa fulani anajua kusoma. Ndege hawasubiri, lazima mtu akae kule. Nimtoe nani? Wa darasa la saba wanaojiandaa na mtihani? Nilichukua wale ambao hata wakikaa darasani hawapati kitu. Wewe mwenyewe umeandika, wazito, hawana bidii. Huko angalau wana hewa."

Kila neno lilikuwa langu. Alikuwa ananisomea daftari langu.

"Yule wa la sita anaanguka," nikasema. "Anaanguka kifafa, Mwalimu Mkuu. Amekaa peke yake penye mfereji."

Alisimama. Mkono ulipanda taratibu, akavua kofia.

"Hilo sikuambiwa."

"Limeandikwa. Niliandika mimi, upande wa kulia."

Alivuta droo, akatoa nakala zangu, zote, zimepangwa vizuri. Akasoma akifuata kwa kidole. Kidole kilikuwa na grisi, kiliacha alama kila mstari. Niliona midomo yake inasoma: hasikii. Mguu mbovu. Anaanguka kifafa.

"Mimi nilikuwa nasoma majina," akasema mwishoni. "Upande huu sikuwa na kazi nao."

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini akavaa kofia, na sauti ya ofisi ikamrudia.

"Huyo wa kifafa namtoa leo. Waliobaki, wiki tatu tu, tuvune. Usilete makelele kwa mkaguzi. Yule wa macho mwandike, ni agizo. Lakini orodha ni majina, haina haja ya hadithi. Na itapitia kwangu. Utaratibu unaujua."

"Akishaandikwa, atakwenda majaruba?"

"Akishaandikwa ni mmoja wao," alisema. "Nikimbagua, wazazi wa wengine watasemaje?"

Ijumaa niliamka, kama kulala kulikuwapo, nikiwa sina swali tena. Sijui lilikwenda wapi. Labda lilichoka lenyewe. Nilikuwa nimemuuliza Mungu, marehemu baba, na hata mwalimu wangu wa chuo kichwani mwangu, nimwandike au nisimwandike, kumbe haikuwa kazi ya jina moja. Daftari lenyewe ndilo lililokuwa baya, na aliyeliandika ni mimi.

Nilichukua karatasi mbili kubwa na kaboni katikati. Sikuanza na majina. Nilianza na mtoto yuko wapi. "Saa nne asubuhi mtoto huyu yuko majarubani, hasikii, anapiga debe." "Saa nne asubuhi mtoto huyu amesimama kwenye maji, mguu mbovu." Wote kumi na wanne, na wa kifafa kwamba ametolewa jana. Kila niliyemwita mtoro niliandika kwamba hakuwa mtoro. Mwisho nikaandika jina la msichana wangu: haoni ubao, anasoma kwa kusikia, anahitaji daktari wa macho na nafasi shuleni, na mpaka nafasi ipatikane atakaa darasani kwangu. Chini yake: "Nilimkalisha nyuma. Orodha iliyowapeleka hawa shambani niliiandika mimi." Nikatia sahihi. Jina langu lilikuwa la kumi na sita kwenye ukurasa ule.

Nakala ya kaboni niliiweka juu ya meza ya Mwalimu Mkuu, mbele yake.

"Imepitia kwako," nilisema.

Alianza kusoma. Safari hii alisoma kote. Sikusubiri amalize, kwa sababu nilijijua: ningesubiri, ningeomba radhi. Gari la mkaguzi lilikuwa limeshapiga honi barabarani. Nikampa dereva karatasi ya juu mkononi, nikamwona anaiweka kwenye faili, nikageuka.

Niliteremka mbugani karibu mbio. "Shukeni," niliwaambia. "Osheni miguu. Mnakuja darasani."

"Na ndege, mwalimu?"

"Shukeni."

Yule asiyesikia aliendelea kupiga debe mpaka mwenzake alipomshika mguu. Alinitazama, akatazama mpunga, akaonyesha angani kwa kijiti, kunitahadharisha, kwa kuwa aliona sielewi kazi. Nikampa mkono. Akashuka.

Darasani tulibanana, wanne wanne kwenye benchi la watatu, harufu ya matope kila mahali. Nilikwenda nyuma, pembeni mwa dirisha, nikamshika msomaji wangu mkono, yeye na jirani yake, nikawaleta mbele mpaka benchi la kwanza, karibu na yule wa Kisukuma. Huyo alisogea bila kuambiwa. Niliandika herufi moja ubaoni, kubwa kama sinia.

Msichana aliinuka, akausogelea ubao, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chaki.

"Mwalimu," alisema, "umeniandika?"

"Nimekuandika."

Darasa likanyamaza tena, ukimya uleule.

"Jumatatu naenda majaruba?"

"Huendi. Soma hiyo."

Alisogeza kidole, akaifuata herufi ukingoni, juu, chini, akazunguka nayo. Hakuna aliyenong'ona. Dirishani, kutoka mbugani ambako madebe yalikuwa yamenyamaza, tulisikia ndege wakishuka kwenye mpunga.